Kilo ya kasiterite inapimwa, mbona laptopu haipimwi?

Kuna kazi moja ambayo watu wa migodi wanaijua kuliko watu wa mjini: kupima. Hakuna négociant anayenunua kasiterite kwa kuangalia gunia kwa macho tu. Anaingiza mkono, anatoa kidogo, anaosha, anaangalia mchanga uko kiasi gani, anauliza juu ya maji, anaweka ku mizani, ndipo anataja bei. Ukimwambia, « Mukubwa, amini tu, hii ni mali safi », atacheka. Anajua kwamba maneno hayana uzito.

Lakini mtu huyo huyo aliyepimwa hivi, akishuka Kalemie na dola alizochimba kwa miezi sita, anaingia magazini, anaonyeshwa laptopu inayowaka dakika mbili, anaambiwa, « Papa, hii iko zima kabisa, inatoka Ulaya », analipa, na anaondoka bila hata kipande cha karatasi. Baada ya wiki tatu mashini inawaka moto kama pasi ya makaa, na ekrani inajaa mistari. Sisi tunasema kwamba jambo hilo limezidi. Tunataka kulizungumzia hapa waziwazi, juu linagusa makuta ya familia nyingi za wachimbaji.

Leo laptopu si kitu cha kujionyesha tena. Mtoto anayesoma chuo kikuu Kalemie ao Lubumbashi anaandika nayo kazi zake za mwisho wa masomo. Kooperative inaandika ndani yake kilo zilizotoka kila shimo na deni la kila mtu. Mama mwenye ka-sekretaria kake pembeni ya soko anachapa barua za watu, anapiga fotokopi, anaingiza nyimbo ku simu za vijana, na jioni nyumba inakula. Mashini hiyo ikifa, si plastiki na chuma tu vimekufa. Ni mwaka wa masomo, ni daftari ya hesabu, ni sufuria ya nyumba.

Na namna zinavyokufa inafanana. Kwanza joto: huwezi kuiweka mapajani. Ventilateri inalia bila kupumzika. Kisha mashini inajizima yenyewe katikati ya kazi. Halafu vinakuja vipande vya rangi ku ekrani, mistari iliyosimama kama nyasi, maandishi yaliyokatika. Siku moja ekrani inabaki nyeusi, na taa ndogo ya pembeni bado inawaka. Mnunuzi anarudi dukani. Jibu analijua hata kabla ya kufika: « Ni mavumbi ya kwenu huko ndiyo yameiua. Siye haturudishaka makuta. » Ao: « Uliichomeka ku grupu, ni kosa yako. » Mazungumzo yanaishia hapo, na mtu anarudi kijijini na sanduku lisilofanya kitu.

Maoni yetu ni haya: jibu hilo mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni uongo, na kuna njia ya kujua. Tena sheria ya nchi yetu haimwachi mnunuzi mikono mitupu.

Joto la kwanza: la matunzo

Tuanze na upande wa muuzaji, ili tusiseme uongo. Ni kweli kwamba laptopu nyingi huku zinaumizwa na namna tunavyoishi.

Hakuna PDG wa shimo mwenye akili anayeshusha vijana chini sana kabla ya kupeleka hewa. Laptopu iko vile vile. Ndani yake mna chipu zinazofanya kazi kubwa: moja ya kuhesabu, nyingine ya kutengeneza picha zinazoonekana ku ekrani. Hiyo ya picha ndiyo watu wanaiita carte graphique. Katika mashini nyingi za bei ndogo hizo mbili zimeunganishwa kuwa kitu kimoja. Zote zinatoa joto. Joto hilo linapita katika bomba jembamba la shaba, linafika ku karadiateri kadogo chenye mapezi membamba, na ventilateri inalipuliza nje. Kati ya chipu na shaba kuna pati ya kijivu ao nyeupe inayosaidia joto kuvuka.

Mavumbi mekundu yakijaza mapezi, hewa haipiti. Pati ikikauka baada ya miaka, joto halivuki. Ukiiweka laptopu juu ya godoro ao juu ya bulangeti, umeziba mdomo wake wa kupumulia, maana mashini nyingi zinavuta hewa kwa chini. Chipu ikikaribia digri 100, mashini inapunguza mwendo wake, na joto likizidi inajizima. Kujizima huko ni ulinzi. Ni kama mchimbaji anayesikia kizunguzungu na kupanda kamba mbio.

Dawa ya joto hilo iko mikononi mwa mwenye mashini. Iweke juu ya meza ao ubao mgumu. Ifunike na kitambaa ikiwa imezimwa, usiifunike ikiwa inafanya kazi. Garanti ikiisha, fundi aifungue kila baada ya miezi kadhaa, aondoe mavumbi kwa brashi laini, aweke pati mpya. Asipulize kwa kompresere ya matairi kwa nguvu zote, maana ile inatoa maji pamoja na hewa, na inazungusha ventilateri kupita kiasi mpaka inavunjika. Juu ya umeme: ukitumia grupu, ngoja mwendo wake utulie kwanza, ndipo uchomeke, kabla ya kuizima, chomoa. Stabilizatere ndogo ni ya bei kidogo kuliko laptopu. Na usiazime chaja ya jirani kwa sababu tu mdomo unaingia. Soma volti zilizoandikwa juu yake, zilingane na zile zilizoandikwa chini ya mashini.

Mtu asiyefanya hayo, kisha anadai mashini ya bure, haki haiko upande wake. Tunalisema hilo bila kuficha.

Joto la pili: la kiwandani

Lakini kuna joto lingine ambalo halitoki Zongwe wala Kalemie. Linatoka kiwandani, na mashini inazaliwa nalo. Wauzaji wetu hawapendi kulitaja, na wanunuzi wengi hawajasikia kwamba lipo.

Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2008, kampuni ya Nvidia ya Marekani, moja ya kampuni kubwa duniani zinazotengeneza chipu za picha, iliwatangazia wenye hisa zake kwamba inatenga dola kati ya milioni 150 na milioni 200 kwa ajili ya garanti na matengenezo. Sababu: baadhi ya chipu zake zilizowekwa katika laptopu zilikuwa zinaharibika kuliko kawaida. Kampuni yenyewe ilikubali kwamba vifaa fulani vya kufunga chipu hizo vilikuwa dhaifu.

Udhaifu huo ulikuwa wapi? Chipu inashikwa ku sahani yake na vinundu vidogo sana vya lehemu, ile soudure, vidogo kuliko punje ya chumvi. Kila mashini inapowashwa, chipu inapata joto na kutanuka. Inapozimwa, inapoa na kujikaza. Asubuhi, jioni, kila siku. Vifaa vikiwa vizuri, vinavumilia miaka. Vikiwa vibaya, vinapasuka polepole. Mtu aliyekwisha kuona mbao za kuzuia ukuta wa shimo zikilegea kidogo kidogo, mpaka siku moja zinaachia, anaelewa bila kuchorewa. Ufa ukianza, ndipo mistari inatokea ku ekrani. Ufa ukikamilika, ekrani ni nyeusi.

Yaliyofuata yanatufundisha. Dell na HP, ambao laptopu zao zilikuwa na chipu hizo, waliongeza muda wa garanti kwa modeli fulani. Walitoa pia programu mpya ya kufanya ventilateri izunguke zaidi, na wakosoaji wakasema wazi kwamba hiyo haiponyeshi ugonjwa, inauchelewesha tu mpaka garanti iishe. Apple, mwezi wa 10 mwaka 2008, ilisema itatengeneza bure MacBook Pro zilizoguswa hata kama garanti ya kawaida imekwisha. Wateja wa Marekani walikwenda mahakamani wakiwa kundi moja, na mwaka 2010 mambo yakamalizika kwa mapatano: wengine walitengenezewa, wengine walipewa mashini nyingine. Lakini mapatano yale yalikuwa ya watu wakaao Marekani. Mwenye mashini ya namna ile aliye Afrika hakuhesabiwa ndani yake.

Wala haikuwa mara ya mwisho. Mwezi wa 2 mwaka 2015 Apple ilifungua mpango mwingine wa kutengeneza bure MacBook Pro fulani zilizotengenezwa kuanzia 2011, zilizokuwa zinaleta picha zilizovurugika, kukosa picha, ao kujizima na kujiwasha zenyewe. Watu walikuwa wamelalamika muda mrefu na kufungua kesi. Waliokuwa wamekwisha kulipia matengenezo kwa mfuko wao waliruhusiwa kuomba warudishiwe.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba kila laptopu inayochemka imeuawa na mavumbi ya mwenye nayo, tunamjibu: hata kampuni kubwa za Marekani zimekubali kwa midomo yao kwamba mara nyingine kosa ni la kiwanda. Na laptopu zikichoka huko, haziendi zote jalalani. Zinafungwa, zinauzwa tena occasion, zinavuka bahari na ziwa, na kufika sokoni kwetu zimepanguswa vizuri, zinang'aa.

Mali yetu iko ndani yake

Kuna jambo lingine linalotuuma, na wachimbaji wanapaswa kulijua.

Lehemu nyingi inayotumiwa ndani ya laptopu, msingi wake ni bati, étain. Bati linatoka ku kasiterite. Toka tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2006, sheria ya Umoja wa Ulaya ilikataza risasi katika vyombo vingi vya umeme, na lehemu ya viwandani ikawa karibu yote bati, na fedha kidogo na shaba kidogo. Karibu nusu ya bati linalotumiwa duniani inaingia katika lehemu. Coltan nayo inatoa tantale, inayowekwa katika vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Na dhahabu inapakwa mahali nyaya zinapogusana. Kumbe ile mashini anayoitazama mchimbaji dukani kama kitu cha Wazungu, ndani yake kuna jasho linalofanana na la kwake.

Sasa angalieni namna mali yetu inavyotoka. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zieleze kama bati, tantale, tungsten na dhahabu zao zinatoka Kongo ao nchi jirani. Kutoka mwaka 2011 mpango wa iTSCi ukaanza kufunga etiketi ku magunia katika Katanga, ambayo Tanganyika ilikuwa sehemu yake mpaka 2015. Gunia linaandikwa: limetoka wapi, kilo ngapi, siku gani. Namba ikikosa, gunia linakuwa na matatizo njiani mpaka mwisho. Wachimbaji wamelalamikia mambo mengi ya mpango huo, na malalamiko mengine yana haki. Lakini wameuzoea.

Basi tunauliza: ikiwa dunia inataka gunia la Tanganyika liwe na namba na karatasi kabla ya kutoka, kwa nini laptopu iingie Tanganyika bila karatasi? Kama mchimbaji maskini anaweza kueleza mali yake imetoka shimo gani, muuzaji mwenye magazini na kufuli tatu anashindwaje kuandika modeli, namba na tarehe ku fakitire?

Namna ya kutofautisha

Tusibaki katika malalamiko. Kuna vipimo ambavyo hata mtu asiye fundi anaweza kufanya, bila kulipa hata franka moja.

Cha kwanza, angalia mashini inaharibika wakati gani. Ikiwa inajizima baada ya nusu saa ya kazi nzito, lakini ekrani ilikuwa safi mpaka mwisho, shuku kwanza joto la mavumbi na pati. Ikiwa mistari na vipande vya rangi vinatokea asubuhi, mashini ikiwa bado baridi, tena kabla Windows haijafunguka, hiyo haionekani kama kazi ya programu wala ya joto la siku ile. Kitu cha ndani kimeumia.

Cha pili, ndicho kikubwa: chukua waya wa HDMI ao VGA, unganisha laptopu na televizyo ao ekrani nyingine. Ikiwa televizyo inaonyesha mistari ile ile, ugonjwa uko upande wa carte graphique. Ikiwa picha ya televizyo ni safi, basi ugonjwa uko ku ekrani ya laptopu ao ku waya wake, na hiyo ni kazi ya bei ndogo zaidi. Kipimo hiki kinachukua dakika tano. Muuzaji anayekataa kukifanya mbele yako, ujiulize anaogopa nini.

Cha tatu, piga picha ya ekrani mbovu na simu, na uandike tarehe na saa. Ekrani ina tabia ya kuwa safi siku ile unapoipeleka dukani, na mtu bila picha anaonekana mwongo.

Cha nne, ikiwa garanti haijaisha, usimpe fundi wa njiani aifungue. Wauzaji wengi wanatafuta tu alama ya bisibisi ku vis ili waseme garanti imekufa. Rudi kwanza kwa aliyekuuzia, hata kama ni mbali, hata kama nauli inauma.

Na tahadhari moja juu ya mafundi. Kuna wanaochoma chipu ya picha kwa hewa ya moto, na mashini inafufuka. Watu wanashangilia. Lakini ufa haujapona. Umegusana tu tena. Mara nyingi baada ya wiki ao miezi michache inakufa upya. Kama ni mashini yako na unajua, na unataka tu kuchukua kazi zako zilizo ndani, sawa. Lakini kuichoma hivyo kisha kumuuzia mtu mwingine kama kitu kizima, huo ni wizi. Ndiyo maana dakika mbili za kuwasha dukani hazitoshi. Iache ifanye kazi nusu saa, icheze video, ushike upande wa ventilateri, usikilize, uangalie ekrani. Négociant hana haraka na gunia lako. Nawe usiwe na haraka na laptopu yake.

Sheria inasema nini

Wengi wanafikiri kwamba bila karatasi ya garanti ya kampuni, mnunuzi hana lolote. Si hivyo. Sheria ya mikataba tunayoitumia Kongo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888. Ni ya zamani sana, lakini bado ndiyo. Inasema muuzaji anawajibika juu ya kasoro zilizofichika, vices cachés: kasoro zinazokifanya kitu kisifae kwa kazi kilichonunuliwa, ao kinachofanya mnunuzi, kama angejua, asingenunua ao angetoa bei ndogo. Kasoro inayoonekana kwa macho, hiyo haimhusu. Mnunuzi alipaswa kuiona. Kioo kilichopasuka mbele yako usikirudishe. Lakini chipu inayopasuka ndani si kitu cha kuonekana.

Sheria inampa mnunuzi kuchagua: arudishe kitu na apewe bei yake, ao abaki nacho na arudishiwe sehemu ya bei. Muuzaji anawajibika hata kama hakujua kasoro, isipokuwa walikubaliana waziwazi kwamba anauza bila garanti. Na ikiwa alijua na akanyamaza, anaweza kudaiwa pia hasara nyingine iliyotokea.

Ila kuna neno moja la kushika sana: mnunuzi lazima adai upesi, à bref délai. Sheria haikutaja siku ngapi. Inaangalia aina ya kasoro na desturi ya mahali pale mauzo yalipofanyika. Mtu anayekaa na mashini mbovu mwaka mzima, kisha anaamka, amechelewa.

Desturi ya mahali. Tunaomba wasomaji watulie juu ya maneno hayo. Maana yake, ikiwa soko la Kalemie lina desturi ya kukubali kasoro ndani ya siku fulani, desturi hiyo ina uzito. Na ikiwa desturi ni « haturudishaka makuta », nayo inatuzoeza kunyamaza mpaka tunasahau kwamba tulikuwa na haki.

Wauzaji nao wana neno

Tumesikia wauzaji pia, na tusiwafanye wote kuwa wezi. Wanasema: « Siye pia tunanunua kifurushi kimefungwa. Tunalipa dwani, tunalipa boti, tunalipa watu wa njiani. Kule tulikonunua hakuna garanti. Mutu analeta mashini imeangushwa, anasema imekufa yenyewe. Tutakula nini? »

Ni kweli. Anayeagiza laptopu ishirini za occasion hawezi kujua hali ya kila moja kabla ya kufungua. Lakini akishazifungua, anaweza kuzipima. Nusu saa kwa kila mashini ni kazi ya siku mbili kwa kijana mmoja. Akikuta tano ni mbovu, hasara hiyo ni sehemu ya biashara yake, kama mchanga ni sehemu ya hasara ya mchimbaji. Négociant anakata kilo za mchanga na maji bila huruma, wala mchimbaji hamwambii, « Lakini mimi pia niliupata mchanga huu bila kutaka. » Kwa nini hasara ya muuzaji wa mjini imfuate mnunuzi mpaka kijijini?

Na juu ya wanunuzi wanaodanganya: hiyo ndiyo sababu ya karatasi. Fakitire inamlinda muuzaji kama inavyomlinda mnunuzi. Imeandikwa mashini ilitoka ikiwa na hali gani, kona zote zikiwa nzima. Ikirudi imepasuka kona, mazungumzo ni mafupi.

Tunachoomba

Tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mradi wa wafadhili.

Moja: kila laptopu inayouzwa Kalemie na katika vituo vya migodi iwe na fakitire yenye jina la duka, modeli, namba yake ya kiwandani, tarehe, bei, na neno « mpya » ao « occasion ». Namba iliyoandikwa ku karatasi ilingane na ile iliyo chini ya mashini. Muifananishe pamoja, muuzaji na mnunuzi, kabla makuta hayajatoka.

Mbili: wafanyabiashara wakubaliane wenyewe juu ya muda wa majaribio. Sisi tunapendekeza siku thelathini kwa occasion. Mtu wa karieri hashuki mjini kila wiki. Siku tatu ao saba hazimfai. Kwa mashini mpya, garanti ya kampuni mara nyingi ni mwaka mmoja. Muuzaji aseme wazi kama garanti hiyo inakubaliwa Kongo ao inaishia katika nchi ilikonunuliwa, na nani ataibeba mashini mpaka huko.

Tatu: anayetaka kuuza bila garanti, auze, lakini aandike « bila garanti » na ateremshe bei. Mnunuzi mzima anaweza kukubali hatari akiijua. Kinachokatazwa ni kumuuzia mtu hatari kwa bei ya usalama.

Nne: kooperative za wachimbaji zinunue kwa pamoja. Mtu mmoja akirudi dukani analalamika, anafukuzwa. Kooperative inayonunua laptopu nne na kuleta wateja wengine kumi inasikilizwa. Wale Wamarekani wa 2008 hawakupata haki kwa sababu ya ukubwa wa sauti ya mmoja wao. Walikuwa wengi, wenye madai yanayofanana, juu ya modeli zinazojulikana. Vijana wetu waliosoma informatike wanaweza kushuka na kooperative siku ya kununua na kufanya vipimo vile. Tuwalipe kidogo kwa kazi hiyo, kama tunavyomlipa anayejua kuangalia jiwe.

Na wazazi, msiogope kuuliza mbele ya watoto wenu kwa kuwaza kwamba kompyuta si kitu chenu. Mama ambaye hajui kuandika barua pepe anaweza kusema, « Mwanangu, kwanza iwake nusu saa, na unipe fakitire. » Hayo hayahitaji diplome.

Atakayeshuka Kalemie juma hili kununua laptopu, achukue waya wa HDMI mfukoni, akae dukani nusu saa, asome namba chini ya mashini, na asitoe dola ya mwisho kabla ya kushika karatasi. Muuzaji akinung'unika, amkumbushe kwa upole kwamba hivyo ndivyo kasiterite inavyonunuliwa Zongwe.